Kutoka Mfuatano hadi Usambamba: Historia ya Mgeuzo wa Umbali

Mgeuzo wa umbali huipa kila pikseli ya kitu katika picha dijitali thamani ya umbali wake kutoka pikseli ya mandharinyuma iliyo karibu zaidi. Mwaka 1966, Azriel Rosenfeld na John Pfaltz walionesha kuwa inatosha kuipitia picha mara 2: kwenda, kisha kurudi. Makala yao ilitetea mfuatano dhidi ya usambamba, nao hawakukosea, kwani kompyuta za wakati huo zilitenda jambo moja baada ya jingine. Wepesi huo ulitokana na kila pikseli kutumia jibu la jirani lililokwisha kupatikana. Vichakataji vilipoongezeka, utegemezi huohuo uligeuka kikwazo.

Mwaka 2000, Meijster, Roerdink na Hesselink walishughulikia safu wima kwanza, kisha safu mlalo, pasipo safu kuingoja nyingine. Umbali uliopatikana ulikuwa kamili. Mwaka 2006, Guodong Rong na Tiow-Seng Tan walitumia kichakataji cha michoro, wakisambaza taarifa kwa miruko inayopungua kwa nusu. Picha yenye upande wa pikseli 1,024 huhitaji mizunguko 10 tu. Hata hivyo, pikseli chache huweza kupata jibu lenye kosa, gharama ambayo sifa za kasi hiyo aghalabu huifunika.