Taa ya Injini Iliwashiwa California

Gari likitoka gereji baada ya oveholi au kubadilishwa gasketi ya silinda hedi, si ajabu taa ya njano ya injini kuwaka tena siku chache baadaye. Fundi huchomeka mashine, husoma msimbo P0420, kisha mwenye gari huambiwa masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yamekufa: anunue mengine au yatolewe kabisa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, na anayeifahamu historia ya misimbo hii ataona kwa nini. Msomaji wake wa kwanza alikuwa mkaguzi wa serikali aliyetaka kujua kama gari limevuka kiwango cha uchafuzi. Kutaja kifaa kilichoharibika ni kazi ambayo msimbo huu haukupewa.

Serikali yenyewe ilikuwa ya jimbo la California. Julai 1943 wingu la moshi mkali liliufunika mji wa Los Angeles, watu wakatokwa machozi barabarani, na kwa kuwa vita vilikuwa vimepamba moto, wako waliodhani Wajapani wamerusha sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Arie Haagen-Smit, mkemia Mholanzi wa chuo cha Caltech, alionyesha kuwa mvuke wa petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni hugeuzwa na jua kuwa ozoni. Gari likawa mshitakiwa. Mwaka 1967 jimbo liliunda bodi ya kusimamia hewa, naye Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ilifuata mwaka 1970, na magari mengi ya modeli ya 1975 yakaja na masega. Baadaye yakatengenezwa masega yanayosafisha gesi tatu kwa pamoja, ila hayo hufanya kazi vizuri pale tu hewa na petroli zinapokaribiana na uwiano wa 14.7 kwa 1 kwa uzito. Ndiyo sababu Volvo za modeli ya 1977 zilizouzwa California zilifungwa sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Kipimo cha petroli kikaanza kufuata moshi unavyosema.

Kuanzia modeli ya 1988 California ililazimisha kompyuta ya gari ijikague na kuwasha taa. Matokeo yalikuwa vurugu: kila kampuni na soketi yake, misimbo yake, na mara nyingi fundi alilazimika kuhesabu taa inapepesa mara ngapi. Kibaya zaidi, mfumo ule ulijua waya uliokatika lakini haukujua masega yaliyochoka. Kizazi cha pili cha mfumo huo, kilichokuwa lazima kwa magari mapya ya abiria Marekani nzima kuanzia modeli ya 1996, kilileta soketi moja ya pini 16, misimbo ya pamoja na sensa ya pili nyuma ya masega. Kwa mifumo mingi taa ilitakiwa iwake pale uchafuzi unapoweza kufikia mara moja na nusu ya kiwango halali. Kwa hiyo P0420 ina maana hii tu: sensa ya nyuma imeanza kupanda na kushuka kama ya mbele, na kompyuta inakadiria kwamba masega hayahifadhi tena oksijeni ya kutosha.

Sababu za hali hiyo ni nyingi, na matengenezo ya injini huzizalisha. Gasketi ya manifoldi isiyokazwa vizuri huingiza hewa ya nje kwenye ekzosi, sensa zikadanganyika. Paipu ndogo ya hewa iliyosahaulika kurudishwa huleta P0171, mchanganyiko wenye petroli haba. Koili au plagi mbovu huifanya injini imisi, na petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Silikoni ya kuzibia isiyofaa hutoa mvuke unaoua sensa ya oksijeni. Halafu kuna madhara yaliyotangulia ukarabati: injini iliyokuwa ikila oili ilikuwa ikiyapaka masega fosforasi, na gasketi iliyoungua ilikuwa ikipitisha maji ya rejeta hadi kwenye ekzosi. Injini mpya inaweza kulaumiwa kwa dhambi za ile ya zamani. Kwa sababu hiyo msimbo wa kumisi hushughulikiwa kwanza, wa mchanganyiko ufuate, wa masega uwe wa mwisho.

Mtu atapinga kwamba mfumo huu uliwafaa mafundi pia, na ni kweli. Marekebisho ya mwaka 1990 ya Sheria ya Hewa Safi yaliwalazimisha watengenezaji kutoa taarifa za ukarabati, na bila hayo gereji za mitaani zingekufa njaa. Lakini soma kilichowekwa ndani ya kompyuta: orodha ya majaribio yake ya kujikagua, yaliyokamilika na yasiyokamilika. Ukifuta misimbo au kuchomoa betri, majaribio hurudi mwanzo, na mkaguzi huona. Waandishi wa kanuni walitarajia udanganyifu tangu awali. Taa iliyozimika baada ya kufuta haijathibitisha lolote mpaka gari liendeshwe na majaribio yakamilike.

Pingamizi la pili ni la kwetu: sheria ya California inatuhusu nini Dar es Salaam au Nairobi? Kutoa masega kulikuwa na mantiki zamani, kwani petroli yenye risasi iliyaua kwa vyovyote. Lakini Azimio la Dakar la Juni 2001 liliweka lengo la kuiondoa risasi Afrika kusini mwa Sahara, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka. Sababu imekwisha, mazoea yamebaki, na kompyuta ya gari bado inatii sheria iliyoizaa. Basi ukiambiwa masega yamekufa, kabla ya kutoa fedha muulize fundi kama amepima uvujaji wa ekzosi mbele ya sensa, na ni majaribio gani yaliyokwisha kukamilika.