Ufafanuzi: Kwa nini mashabiki wa anime na manga hawaishi kubishana?

Fullmetal Alchemist ya mwaka 2003 na ile ya mwaka 2009, ipi ni bora? Swali hili limewakesha mashabiki wa katuni za Kijapani kwa miaka mingi. Wahusika wakuu ni wale wale, studio iliyozitengeneza ni moja, na zote mbili zinatokana na kitabu kimoja. Hata hivyo kila upande una watetezi wake, na kila upande una hoja.

Kwa mtazamaji wa kawaida, ubishi huo unaweza kuonekana kama mchezo wa vijana. Lakini ukiufuatilia utakuta mambo mazito ndani yake: namna hadithi hizi zinavyotengenezwa, nani anaamua ziishi au zife, na mzigo anaoubeba mtu anayezichora.

Manga ni nini, na anime ni nini?

Manga ni hadithi za picha zinazochapishwa Japani, kwa kawaida sura moja baada ya nyingine katika majarida ya kila wiki au kila mwezi. Baadaye sura hizo hukusanywa na kutolewa kama kitabu, juzuu kwa juzuu. Anime ni katuni za televisheni au sinema. Nyingi hutokana na manga, ingawa zipo zinazoandikwa moja kwa moja kwa ajili ya televisheni, kama Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1995.

Kwa hiyo shabiki mmoja anaweza kuwa amesoma hadithi kwenye karatasi, na mwenzake ameitazama tu kwenye runinga. Wakikutana, kila mmoja anadhani wanazungumzia kitu kile kile, kumbe sivyo.

Kura ya msomaji

Jarida mashuhuri zaidi la manga ni Weekly Shonen Jump la kampuni ya Shueisha, lililoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya wavulana. Katikati ya miaka ya 1990 toleo lake moja lilifikia nakala zaidi ya milioni 6.5. Ndani ya jarida huwekwa kadi ya posta, na msomaji hutakiwa kutaja hadithi tatu zilizomfurahisha zaidi katika toleo hilo.

Majibu hayo yana uzito. Hadithi inayobaki mkiani inaweza kukatishwa baada ya miezi michache, hata kama mchoraji alikuwa bado na mengi ya kusimulia. Inayopanda juu huendelea, wakati mwingine kwa miaka mingi. Dragon Ball ya Akira Toriyama, iliyoanza mwaka 1984 kama hadithi ya safari na vichekesho, ilijikita zaidi katika mashindano ya mapigano baada ya wasomaji kuonyesha kwamba ndicho walichokipenda. Iliendelea hadi mwaka 1995 na kufikia juzuu 42.

Hivyo Japani, kusema hadithi fulani ni nzuri au mbaya kunaweza kuokoa au kukatisha kazi ya mtu.

Anime inapoikaribia manga

Chanzo kikubwa cha mabishano ni kasi. Sura moja ya manga ya kila wiki huwa na kurasa zipatazo 19. Kipindi kimoja cha anime, chenye dakika ishirini na kitu, kinaweza kumaliza sura mbili au zaidi. Kwa hiyo anime inayoonyeshwa kila wiki lazima siku moja itaifikia manga ambayo bado inachorwa.

Ikifika hapo, watayarishaji wana njia nne. Ya kwanza ni kutunga vipindi vya kujazia, ambavyo havimo katika manga. Naruto, iliyotokana na kazi ya Masashi Kishimoto, ni mfano unaotajwa sana: kati ya vipindi 220 vya mfululizo wake wa kwanza, zaidi ya 70 vya mwisho vilikuwa vya kujazia. Njia ya pili ni kuvuta hadithi taratibu, lawama ambayo One Piece imeibeba kwa muda mrefu tangu ianze kuonyeshwa mwaka 1999. Ya tatu ni kusimama na kusubiri, ndiyo maana anime nyingi za siku hizi hutolewa kwa misimu mifupi ya vipindi 12 au 13. Ya nne ni kutunga mwisho wako mwenyewe.

Hadithi moja, tafsiri mbili

Njia hiyo ya nne ndiyo iliyozaa ubishi wa Fullmetal Alchemist. Manga yake ilichorwa na Hiromu Arakawa kuanzia mwaka 2001 hadi 2010. Inawahusu ndugu wawili, Edward na Alphonse Elric, waliojaribu kumfufua mama yao kwa alkemia. Jaribio likashindikana: Edward akapoteza mguu na mkono, na Alphonse akapoteza mwili wote.

Studio ya Bones ilianza kuitengeneza anime mwaka 2003, wakati manga ilikuwa na miaka miwili tu na ushei. Kwa ridhaa ya Arakawa, watayarishaji wakaenda njia yao na kumaliza mwaka 2004 kwa vipindi 51. Mwaka 2009 studio hiyo hiyo ikaanza upya na Fullmetal Alchemist: Brotherhood, safari hii ikiifuata manga hadi mwisho kwa vipindi 64. Manga na anime zikamalizika mwaka 2010, zikipishana kwa wiki chache.

Watetezi wa Brotherhood wanasema hii ndiyo hadithi kamili. Kila fundo linafunguliwa, kila mhusika anapata nafasi yake, na mwisho ni ule alioukusudia mwandishi.

Watetezi wa ile ya kwanza hujibu kwa mfano wa Maes Hughes, afisa wa jeshi anayependa kumwonyesha kila mtu picha za binti yake. Katika Brotherhood anauawa katika kipindi cha 10. Katika ile ya mwaka 2003 anauawa katika kipindi cha 25, wakati mtazamaji ameshamzoea kama jirani. Kifo ni kile kile, lakini msiba haulingani.

Tofauti nyingine ni wale viumbe wanaoitwa homunkulasi. Katika manga na Brotherhood wametokana na dhambi za adui mkuu. Katika anime ya kwanza, kila mmoja amezaliwa pale mtu alipojaribu kumrudisha mpendwa wake aliyekufa akashindwa. Kwa hiyo moja inasimulia vita dhidi ya tamaa ya madaraka, na nyingine inasimulia watu wasiokubali kufiwa. Anayeuliza ipi imeifuata manga atapata jibu moja. Anayeuliza ipi imemgusa zaidi anaweza kupata lingine.

Mwisho usiowaridhisha wote

Ubishi huwaka zaidi hadithi inapofika tamati. Attack on Titan ya Hajime Isayama ilimalizika mwaka 2021 baada ya sura 139, na mashabiki wakagawanyika kuhusu hatima ya Eren, mhusika mkuu. Sehemu ya mwisho ya anime ilipotolewa Novemba 2023, mazungumzo ya Eren na rafiki yake Armin yalikuwa yamerekebishwa. Kwa waliosoma manga, mabadiliko hayo yalifungua mjadala upya.

Upo pia ubishi wa sauti: kutazama kwa Kijapani na kusoma maandishi chini, au kusikiliza sauti zilizotafsiriwa. Watazamaji wa Tanzania waliokulia kwenye vibanda vya video wanaujua mjadala huu. Kuna anayeona sinema bila msimulizi wa Kiswahili haina ladha, na kuna anayeona msimulizi anamfunika mwigizaji.

Gharama anayoilipa mchoraji

Katika kudai sura mpya, ni rahisi kumsahau anayechora. Yoshihiro Togashi, mwandishi wa Hunter x Hunter iliyoanza mwaka 1998, amesimama mara nyingi kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Mwaka 2022 alirejea baada ya karibu miaka minne. Wapo mashabiki waliomlaumu kwa kuchelewa, na wapo waliosema heri hadithi ichelewe kuliko mtu aumie.

Kentaro Miura, aliyeanza Berserk mwaka 1989, alifariki Mei 2021 akiwa na umri wa miaka 54, kazi ikiwa haijakamilika. Tangu mwaka 2022 wasaidizi wake wanaiendeleza chini ya uangalizi wa rafiki yake Kouji Mori, ambaye Miura aliwahi kumsimulia hadithi ingeishia wapi. Je, hiyo bado ni Berserk? Kuna wanaoshukuru kuujua mwisho, na kuna wanaoamini kalamu ilipaswa kuwekwa chini pale mwenyewe alipoishia.

Kwa hiyo ukiingia katika ubishi wa aina hii, uliza kwanza mambo mawili. Mwenzako amesoma manga au ametazama anime? Na anapima nini: uaminifu kwa kitabu, uzuri wa picha, au alichokihisi moyoni? Mara nyingi mtagundua kwamba hampingani. Kila mmoja anajibu swali lake.