Asili na Matumizi ya Neno "Graphite"

Neno la Kiingereza "graphite" ni changa kuliko madini yanayotajwa nalo. Katika karne ya 16 madini hayo yalikuwa yakichimbwa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza. Yalikuwa meusi, laini, yenye kung'aa na kutia alama. Kwa vile risasi nayo huacha alama, Waingereza waliyaita "black lead", yaani risasi nyeusi. Wanazuoni waliyaita "plumbago" au "molybdaena", maneno yaliyochipuka katika majina ya risasi ya Kilatini na Kiyunani. Majina hayo yalichanganya madini mbalimbali.

Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi ndiye aliyeyapambanua. Mwaka 1778 alithibitisha kwamba "molybdaena" ni madini ya namna ya pekee. Mwaka 1779 akaonyesha kwamba "plumbago" ni ya jamii ya makaa, si ya risasi. Hivyo jina la zamani likawa limepoteza msingi wake. Mwaka 1789 Abraham Gottlob Werner, mwalimu wa elimu ya madini huko Freiberg, Ujerumani, alibuni jina "Graphit" kutokana na kitenzi cha Kiyunani "graphein", kuandika. Kiingereza kikalipokea. Werner hakutaja asili ya madini bali kazi yake. Kwa hiyo jina lake halikutegemea nadharia iliyoweza kubatilishwa.

Hata hivyo, jina la kale halikufa. Waingereza wangali wanauita uti wa penseli "lead". Wajerumani husema "Bleistift", na Waarabu "qalam rasas". Kiswahili nacho kina "kalamu ya risasi", na neno "risasi" lenyewe lina asili ya Kiarabu. Kosa moja la kale limeenea katika lugha nyingi.

Katika mazungumzo ya kawaida kosa hilo halimdhuru msemaji, kwani maana ya neno hutokana na matumizi, si asili yake. Darasani mambo ni mengine. Huko risasi ni elementi ya 82, nayo ni sumu. Uti wa kalamu ni kaboni iliyochanganywa na udongo. Mwanafunzi asiyepewa neno "grafiti" atalazimika kuviita vitu viwili kwa jina moja. Basi wajibu wa mwanaistilahi si kuifuta "kalamu ya risasi", bali kuiwekea mpaka.