Mtakatifu Sipriani wa Karthago, Mchungaji wa Walioanguka



Kila inaposaliwa Sala ya Ekaristi ya kwanza, ile iitwayo Kanuni ya Kirumi, tunasikia orodha ndefu ya majina ya watakatifu wa kale. Wengi wetu huyapita majina hayo kama msafiri apitavyo vijiji asivyokuwa na ndugu. Juma hili tusimame katika majina mawili yanayofuatana: Korneli na Sipriani. Kanisa huwakumbuka pamoja tarehe 16 Septemba. Korneli alikuwa Papa. Sipriani alikuwa askofu wa Karthago, mji ambao magofu yake yako leo katika nchi ya Tunisia, pwani ya kaskazini ya bara letu. Tungependa kumtazama huyu wa pili, kwa kuwa maisha yake yanajibu swali ambalo kila jumuiya yetu inalo: je, tumfanyeje ndugu aliyeanguka?

Sipriani alizaliwa mwanzoni mwa karne ya tatu katika nyumba yenye mali. Alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema, mtu wa kuheshimiwa mjini. Mnamo mwaka 246 hivi, akiwa mtu mzima, aliongoka kwa msaada wa padre mzee aliyeitwa Caecilius, akabatizwa, akawagawia maskini sehemu kubwa ya mali yake. Muda si mrefu, kati ya mwaka 248 na 249, waamini wakamtaka awe askofu wao. Baadhi ya mapadre wakongwe hawakufurahi kuona mtu aliyebatizwa juzi akiketi mbele yao, na uchungu huo haukuwatoka.

Haukupita muda, dhoruba ikaja. Kaisari Decius aliamuru watu wote wa dola yake waitolee sadaka miungu ya Roma, kisha wapewe hati ya kuthibitisha kwamba wametii. Hati za namna hiyo, zaidi ya 40, zimepatikana katika mchanga wa Misri. Tarehe 20 Januari 250 Papa Fabiani aliuawa. Huko Karthago Wakristo walikimbilia madhabahu ya miungu kwa wingi wa kusikitisha. Wengine walitoa sadaka, wengine wakafukiza ubani, na wengine wakatoa fedha ili wapate hati pasipo kutenda lolote. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka; hawa, ndugu wapendwa, walianguka kweli.

Na askofu wao? Alijificha. Aliona kwamba kuwapo kwake mjini kungewachochea wapagani na kulihatarisha kundi zima. Ila si wote walioelewa hivyo. Mapadre wa Roma, waliokuwa wamempoteza Papa wao, waliandika barua yenye kidokezo kichungu juu ya mchungaji wa mshahara anayekimbia aonapo mbwa mwitu. Sipriani hakujibu kwa matusi. Alieleza sababu zake, akatuma nakala za barua zake ili wapime wenyewe, akaendelea kuliongoza kundi kwa maandishi. Aliagiza wafungwa watunzwe, wajane na wagonjwa wasisahauliwe, na fedha zake mwenyewe zitumike kwa ajili ya maskini. Barua zake nyingi zimetufikia, na kwazo tunayajua mambo haya.

Likazuka tatizo jingine. Waungama, yaani Wakristo waliofungwa na kuteswa bila kuikana imani, walianza kuwapa walioanguka vyeti vya amani ili wapokewe mara moja katika Ekaristi. Baadhi ya mapadre waliokuwa wakimpinga askofu walivipokea vyeti hivyo pasipo kudai toba yoyote. Upande wa pili, huko Roma, padre mmoja msomi sana, Novatianus, alishika msimamo kwamba walioikana imani wasirudishiwe ushirika kamwe. Korneli alipochaguliwa kuwa Papa mwaka 251, Novatianus alijifanya askofu mshindani wake, akaligawa Kanisa.

Sipriani alijikuta kati ya mlango usio na bawaba na mlango uliopigwa misumari. Aliporudi mjini baada ya Pasaka ya mwaka 251, aliwaita maaskofu wenzake wakae pamoja. Hawakuhukumu kwa jumla. Walitaka kila mtu atazamwe peke yake: alishurutishwa kwa mateso, au alikwenda mwenyewe? Alinunua hati tu, au alitoa sadaka? Aliwavuta mke na watoto, au aliibeba hatari peke yake ili kuwaokoa? Waliopata hati tu wangeweza kupokewa baada ya kuchunguzwa. Waliotoa sadaka wangefanya kitubio kirefu, na wangepewa amani ya Kanisa katika hatari ya kufa. Baadaye, tishio la dhuluma mpya lilipokaribia, maaskofu walikubali kuwapokea mara moja wale waliodumu katika toba. Askari hapelekwi vitani bila chakula, na chakula cha Mkristo ni Ekaristi Takatifu.

Je, sisi tunajifunza nini?

Kwanza, huruma haiogopi ukweli. Katika parokia zetu wapo waliokwenda kwa waganga mtoto alipougua, na wapo walioacha sakramenti miaka mingi kwa aibu. Ni rahisi kusema, “Si kitu, njoo tu.” Ni rahisi pia kusema, “Huyo tumekwisha kumjua.” Maneno yote mawili yanatuondolea taabu ya kumsikiliza mtu. Njia ya Sipriani inataka muda: kumtembelea, kumwuliza, kuisikia habari yake hadi mwisho, kisha kutembea naye hadi kwenye kiti cha maungamo. Kazi hiyo si ya padre peke yake. Mara nyingi jirani wa jumuiya ndogondogo hufika mahali ambapo paroko hafiki.

Pili, upendo hauishii mlangoni pa kanisa. Mnamo mwaka 252 tauni kali iliikumba Karthago, na watu walizitupa hata maiti za jamaa zao barabarani. Shemasi Pontius, aliyeandika maisha ya Sipriani, anatueleza kwamba askofu aliwakusanya waamini akawahimiza kuwahudumia wote, hata wapagani waliokuwa wakiwadhulumu, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Tena Wakristo wa Numidia walipochukuliwa mateka, Karthago ilichanga sesterti 100,000 za kuwakomboa, na Sipriani akayatuma pamoja na fedha majina ya waliochanga ili waombewe.

Tatu, hata mtakatifu aweza kukosea. Kati ya mwaka 255 na 256 Sipriani alishindana na Papa Stefano juu ya ubatizo uliotolewa na wazushi. Yeye alitaka warudio wabatizwe upya. Papa alikataa, na Kanisa limeifuata njia ya Papa. Maneno yalikuwa makali. Hata hivyo Sipriani hakuanzisha kanisa lake, wala hakumtenga askofu yeyote kwa kutokubaliana naye. Mtakatifu Augustino aliona baadaye kwamba upendo wake kwa umoja uliifunika kasoro hiyo. Sisi tunaohama kwaya kwa sababu ya neno moja la mwenyekiti tuna la kutafakari hapa.

Mwaka 257, chini ya Kaisari Valerianus, Sipriani alihamishiwa uhamishoni Curubis. Mwaka uliofuata liwali Galerius Maximus alimwita Utika ili ahukumiwe huko. Kwa mara ya pili Sipriani alijificha, na safari hii kwa sababu nyingine: hakutaka kufa mbali na kundi lake. Liwali aliporudi Karthago, askofu alikuwa nyumbani anamngoja. Tarehe 14 Septemba 258 alihukumiwa kukatwa kichwa. Alimshukuru Mungu, akavua joho lake, akaagiza mwuaji apewe vipande 25 vya dhahabu. Waamini walitandaza vitambaa mbele yake, na usiku wakauchukua mwili wake kwa mishumaa na mienge.

Walioliona tukio lile, bila shaka, hawakuwa mashujaa tu. Walikuwamo na walioanguka miaka minane kabla, waliopokewa tena kwa uvumilivu wake. Basi juma hili, kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja ambaye nafasi yake katika benchi iko wazi siku nyingi. Tumwombee, kisha tukapige hodi kwake.

Watakatifu Korneli na Sipriani, mtuombee.