Ifahamu 'Spellbound': Muvi ya daktari wa akili aliyempenda mgonjwa wake

Daktari anampenda mgonjwa. Mgonjwa anaamini ameua mtu. Polisi wanamsaka, na daktari, badala ya kumkabidhi, anapanda naye treni.

Hiyo ndiyo stori ya Spellbound, muvi ya Hollywood ya mwaka 1945 iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Ingrid Bergman anacheza kama Dk. Constance Petersen, daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Green Manors, jimbo la Vermont, Marekani. Gregory Peck ni mgeni anayefika kama mkuu mpya wa hospitali, Dk. Edwardes. Ndani ya siku chache Constance ameshampenda, kisha anagundua saini yake haifanani na ya Edwardes halisi. Jamaa kapoteza kumbukumbu, hata jina lake halijui.

Kinachomtoa jasho ni mistari kwenye kitu cheupe. Constance anachora tu kwa uma kwenye kitambaa cha meza, mwenzake anabadilika ghafla. Chanzo ni alama za ski kwenye theluji. Kwa mtazamaji wa Same, theluji ni ule weupe wa Kilimanjaro unaoonekana kwa mbali kutokea Mkomazi mawingu yakiondoka. Kwenye muvi hii ndiyo inayobeba siri yote.

Mwanamke peke yake

Green Manors imejaa madaktari wanaume wanaomtania Constance kuwa ni wa vitabu tu, hana moyo. Hata mwalimu wake wa zamani, mzee Brulov, anamwambia wanawake ni hodari katika kazi hii mpaka wapende, hapo wanageuka wagonjwa. Maneno makali, lakini mwisho wa siku ni Constance anayefumbua kesi, wanaume wakiwa wameshakata tamaa.

Ila tusidanganyane: maadili ya udaktari yanakataza mapenzi na mgonjwa unayemtibu. Nje ya sinema, Constance angekuwa hatarini kupoteza leseni.

Nyuma ya kamera

Prodyuza David O. Selznick alikuwa ametibiwa kwa njia ya Freud, ya kuongea na kuchambua ndoto. Akamleta daktari wake mwenyewe, May Romm, naye mwanamke, awe mshauri wa muvi. Ndoto ya mgonjwa ilibuniwa na mchoraji Salvador Dalí, akajaza macho makubwa kwenye mapazia. Muvi iliteuliwa kuwania Oscar 6, ikabeba moja: ya muziki wa Miklós Rózsa.

Huku Pare je?

Muvi inadanganya sehemu moja kubwa: kumbukumbu ikirudi, ugonjwa umekwisha. Matibabu ya kweli huchukua miezi, pengine miaka, dawa na mazungumzo vikienda pamoja.

Lakini aibu ya kujificha imeonyeshwa sawasawa. Huku pia familia nyingi huanzia kwa mganga au kwenye maombi, na mgonjwa hufungiwa ndani majirani wasijue. Wakati huohuo huduma ipo, na ya zamani: Lutindi, kwenye Milima ya Usambara wilayani Korogwe, imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu enzi za Mjerumani, na Mirembe ya Dodoma ilianza 1927. Kwa mtu wa Same, KCMC ya Moshi ni safari ya kama kilomita 100 kwa basi.

Kabla hujamaliza bando

Muvi ni dakika 111, nyeusi na nyeupe. Vaa earphone, maana ile sauti inayolia kama mluzi wa mzimu ni theremin, ala inayopigwa bila kuguswa. Na usiifunge kabla ya mwisho: risasi moja inapolia, skrini inawaka nyekundu kwa chini ya sekunde. Ukipepesa macho, imekupita.