Filamu Isiyopimwa: Madaraja ya Umri na Mtazamaji Mtoto Afrika Mashariki

Daraja la PG-13, ambalo leo tunaliona kwenye mabango ya sinema Dar es Salaam na Nairobi kana kwamba liliteremshwa na mabingwa wa saikolojia ya mtoto, lilizaliwa kwa sababu ya moyo wa mtu. Katika Indiana Jones and the Temple of Doom, iliyotoka Mei 1984, kuhani anazamisha mkono kifuani mwa mateka, anauchomoa moyo ukiwa bado unadunda, na mateka, angali hai, anateremshwa kwenye shimo la moto huku moyo wake ukiwaka mkononi mwa kuhani. Filamu hiyo ilipewa PG: watoto ruksa, mzazi atumie busara. Wiki chache baadaye ikaja Gremlins, nayo PG, yenye kijidubwana kinachopasukia ndani ya maikrowevu. Wazazi wa Marekani wakaja juu. Steven Spielberg, aliyeiongoza ya kwanza na kuwa mtayarishaji mtendaji wa ya pili, akampendekezea Jack Valenti, mkuu wa chama cha studio za Hollywood, daraja la katikati. Kufikia Julai 1 lilikuwa limeanza kutumika.

Mfumo huo wote ulianzishwa na wafanyabiashara wenyewe mwaka 1968 ili serikali isiwaingilie, na umekuwa ukitiwa viraka kila wateja wanapolalamika. Si aibu; ndivyo taasisi nyingi zinavyokua. Tatizo ni letu sisi tulioupokea, pamoja na mifumo ya jamaa zake, kama kipimo cha uhakika, kisha tukautumia mahali ambapo filamu humfikia mtoto kwa njia nyingine kabisa. Hoja yangu ni kwamba daraja la umri hupima filamu moja, na mtoto wa Afrika Mashariki, mara nyingi, huangalia nyingine.

Tuanze na kipimo chenyewe. The King's Speech (2010) ni filamu ya mfalme mwenye kigugumizi na mtu anayemfundisha kusema. Hamna damu, hamna anayevuliwa nguo. Ila katika zoezi moja mwalimu anamchokoza mfalme atukane, na mfalme anatukana mfululizo, kwa kuwa matusi hayamkwami kooni. Kwa sababu hiyo Marekani iliipa R, yaani asiyetimiza miaka 17 asiingie bila mzazi au mlezi. Uingereza iliipa kwanza 15, kisha wasambazaji walipopinga ikashushwa hadi 12A. Huku nyuma risasi zilikuwa zinapita bila kuulizwa. Utafiti ulioongozwa na Brad Bushman na kuchapishwa 2013 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba matukio ya bunduki katika filamu za PG-13 zilizoongoza kwa mauzo yalikuwa yameongezeka zaidi ya mara tatu tangu 1985, na kufikia 2012 yalikuwa yamezipita hata filamu za R. Tusi linahesabika, mkaguzi akiketi na kalamu atajua limetamkwa mara ngapi. Raha ya kuua, au dharau kwa mwanamke anayepigwa kofi ukumbi mzima ukacheka, haihesabiki kirahisi, kwa hiyo hupenya.

Kasoro ya pili imejificha zaidi. Madaraja hudhani kwamba kinachomdhuru mtoto wa miaka 10 kitamdhuru zaidi wa miaka 5. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichunguza kwa miaka mingi hofu za watoto mbele ya skrini, na aliyoyapata yanaipinga dhana hiyo. Watoto wadogo waliogopeshwa sana na The Incredible Hulk, tamthilia ya televisheni ambayo shujaa wake hugeuka jitu la kijani na kuwaokoa watu. Waliliona jitu, wema wake hawakuuona. Lakini The Day After, filamu ya vita vya nyuklia ya 1983 iliyowatia wazazi wa Marekani kiwewe kabla hata haijarushwa, iliwasumbua wadogo kidogo kuliko wakubwa, maana ili uliogope bomu la nyuklia lazima kwanza uelewe linafanya nini. The Lion King ni ya watoto wote, na ninaona inastahili. Hata hivyo mtoto wa miaka 4 anayemwona Simba akimsihi baba yake aamke, kisha akijipenyeza chini ya mkono wa maiti, hafarijiwi na nyimbo zitakazofuata. Namba moja haiwezi kusema yote haya. Uholanzi ilikubali hivyo ilipoanzisha mfumo wa Kijkwijzer mwaka 2001, ambao huweka kando ya umri picha ndogo za sababu: ngumi kwa ukatili, buibui kwa kutisha, na nyinginezo. Mzazi anayejua kuwa mwanawe hajali ngumi lakini halali akiona mzuka ana pa kuanzia.

Bodi zetu za filamu zimekabidhiwa kazi ya kupanga madaraja na sheria za zamani. Kenya ina Sura ya 222, iliyotungwa 1962, bendera ya Mwingereza ingali inapepea; Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Ukitazama matukio yaliyoipa bodi ya Kenya umaarufu, mtoto haonekani sana. The Wolf of Wall Street ilipigwa marufuku Januari 2014 kwa kila mtu, mkubwa na mdogo. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku Aprili 2018, wakati hakuna aliyeomba ionyeshwe kwa watoto. Septemba mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany aliiruhusu kwa siku 7 kwa watu wazima waliotaka kuiona, na kumbi zikajaa. Sihitaji kuamua hapa ubora wa filamu hiyo wala ujumbe wake. Ninachosema ni kwamba bodi ilikuwa na alama ya 18 mkononi, chombo kilichobuniwa hasa ili mtu mzima aone na mtoto asione, na haikukitumia. Ikiruka moja kwa moja hadi marufuku, imemhesabu mtu mzima kuwa mtoto, na nguvu ambazo zingemlinda mtoto mwenyewe zinaishia kwenye korido za mahakama.

Daraja la PG nalo ni ombi kwa mzazi. Linadhani mzazi yupo, anasoma maandishi madogo ya Kiingereza pembeni mwa skrini, ana rimoti, na ana chumba kingine cha kumpeleka mtoto. Kanuni za utangazaji za Kenya zinataka muda wa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku uwe wa vipindi vinavyofaa familia, na kanuni hiyo ni nzuri kwa mwenye sebule. Katika nyumba ya kupanga Manzese au Kayole chumba kimoja ndicho sebule na ndicho cha kulala. Anachoangalia baba saa 5 usiku wanakiangalia wote, na aliyejifunika shuka gubigubi usidhani amelala.

Kwa watoto wengi, hasa wa kiume, filamu haipo hata nyumbani. Ipo kibanda umiza: mabati juu, turubai au mapazia meusi kuzuia mwanga, mabenchi ya mbao, televisheni imefungwa juu ukutani, na spika moja imetolewa nje mlangoni ili anayepita asikie milio ya risasi avutike. Wadogo hukaa chini, mbele kabisa, shingo zimepinda. Anayepokea kiingilio haulizi umri. Anaangalia kama sarafu zimetimia. Nimekaa katika vibanda ambako mwenye rimoti, likija busu, hurukisha mbele haraka kwa heshima ya watu waliomo, kisha huacha mtu akatwe shingo hadi mwisho, na hakuna anayeguna. Hollywood na kibanda, kwa hilo, wana maadili yaleyale.

Na filamu inayoonyeshwa humo ina sauti ya mtu mwingine, msimulizi. Tanzania ilimjua Lufufu, ambaye mwanaanthropolojia wa Kijerumani Matthias Krings ameandika juu yake kwa kirefu. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina akina VJ Jingo, wanaosimulia kwa Kiganda. Msimulizi hatafsiri tu mazungumzo. Anampa stelingi jina la mtaani, anamzomea adui, anatabiri kipigo kabla hakijatua, anatia utani pale mtunzi alipokusudia kimya. Baba anayelipiza kisasi kwa majonzi anaweza kutoka kinywani mwa msimulizi akiwa mbabe wa kuchekesha. Mara nyingine hali huwa kinyume: ukatili ambao ungemkosesha mtoto usingizi unavunjwa makali, kwa kuwa sauti anayoijua inamwambia hapohapo kwamba huu ni mchezo. Pia zipo sehemu ambapo mtazamo wa mwanamume na mwanamke, uliokuwa hauna neno, hupachikwa maneno ambayo hata R isingeyatosha.

Hiyo ndiyo filamu nyingine niliyoitaja. Bodi ikiipa ya asili alama ya 16, imeipima kwa sauti ambayo mtoto wa kibandani hataisikia. Toleo analolisikia halijapimwa na yeyote, si Marekani wala kwetu, na hakuna fomu ya kuliombea daraja. Namba iliyo kwenye kasha la awali, kama kasha lilikuwepo, haimhusu.

Wapo watakaojibu kwamba nakala hizo ni za wizi, na dola haiwezi kuupa wizi alama ya umri. Hoja hiyo ina nguvu upande wa hakimiliki, lakini kwa mtoto haisaidii kitu. Studio iliyoibiwa inaweza kuajiri wakili. Tena sheria hiyo ya 1976 haikutazama filamu peke yake. Inataka na mahali pa kuonyeshea pawe na kibali, kwa hiyo kibanda hakipo nje ya macho ya serikali hata kama filamu iliyomo ipo.

Kinachonitia moyo ni idadi. Vibanda havihesabiki, lakini wasimulizi ni wachache, na wanajulikana kwa majina, kwa kuwa jina ndilo linalouza nakala. Mtu anayeweza kusimamisha filamu ajitangaze na kutuma salamu kwa wateja wake anaweza pia, mwanzoni, kusema kwa sauti yake mwenyewe kwamba hii si ya watoto, kuna watu wanateswa humu. Ujumbe huo ungesikika pale mbele shingo zilipopinda, tofauti na herufi mbili za Kiingereza pembeni mwa skrini. Utafiti wa Bushman na Angela Stack wa 1996 unatahadharisha kwamba onyo kali huweza kuongeza hamu badala ya kuipunguza. Ndiyo maana onyo liseme kilichomo, lisitishie, na limlenge zaidi mwenye kibanda, ambaye kibali chake kinaweza kuandikiwa saa za kuingiza watoto na saa za kuwatoa.

Simu ni shauri jingine, na madaraja hayajalipatia jibu. Squid Game ilipotoka 2021 Marekani iliwekwa daraja la watu wazima, lakini ndani ya wiki chache shule za Ubelgiji na Uingereza zilikuwa zikiwaonya wazazi kwamba watoto wanaiigiza uwanjani, anayeshindwa anapigwa. Vipande vifupi mtandaoni vilitosha kuwafunza mchezo. Kipande cha sekunde 30 hakina bango.

Ila hilo lisitumike kama kisingizio cha kuahirisha linalowezekana. Bodi ya Filamu Tanzania ingeweza kuanza na wilaya moja, tuseme Temeke: ikusanye nakala zilizosimuliwa zinazozunguka vibandani mwaka huu, iwaite wasimulizi wenyewe mezani, na izisikilize zote, neno kwa neno, kabla ya kuandika namba yoyote.