Waliambiwa Wajikaze

Kenya hii ukisema umechoka, wa kwanza atakuambia jikaze, wa pili atasema ni uvivu. Mimi pia nimewahi kusema hivyo. Beshte yangu alipata Korona, akapona, lakini miezi ikapita bado anashindwa kupanda ngazi. Nikamwambia hiyo ni akili tu, atembee kidogo kidogo atazoea. Hakuzoea. Kila akijilazimisha, siku mbili baadaye yuko kitandani. Ndio nikaanza kusoma, na nikakuta kuna madaktari Uingereza walisema karibu maneno yangu kwa miaka mingi, ila wao walikuwa na pesa ya utafiti.

Turudi 1955. Hospitali ya Royal Free, London. Karibu watu 300 wakawa wagonjwa, wengi wao wafanyakazi wa hospitali yenyewe, wauguzi kibao. Hospitali ikafungwa kuanzia Julai hadi Oktoba. Ugonjwa wa aina hiyo ndio ukaja kuitwa ME. Halafu 1970, madaktari wawili wa akili, McEvedy na Beard, wakaandika kwenye jarida la British Medical Journal kwamba ile ilikuwa histeria. Moja ya sababu zao? Wengi waliougua walikuwa wanawake. Na hawakuwapima hao wagonjwa, walisoma mafaili ya zamani. Manze.

1988 Wamarekani wakaupa jina la ugonjwa wa uchovu sugu, jina ambalo linafanya usikike kama mtu aliyekesha. Miaka hiyo hiyo Uingereza ikazuka nadharia: labda virusi ndivyo vilianzisha, lakini kinachokufanya usipone ni hofu yako. Unaogopa kuchoka, unalala sana, mwili unadhoofika, unaogopa zaidi. Kwa hivyo dawa ni tiba ya mazungumzo, ile inaitwa CBT, ya kukubadilisha mawazo, na mazoezi yanayoongezwa polepole. Sina shida na CBT. Mtu mwenye msongo wa mawazo inaweza kumsaidia sana. Shida ni kuanza kwa kuamini kwamba mgonjwa amejidanganya.

Nadharia hiyo ikapewa mtihani mkubwa, utafiti wa PACE: wagonjwa 641, karibu pauni milioni 5. Matokeo yakatoka kwenye Lancet 2011, yakisema mazungumzo na mazoezi yanasaidia. 2013 wakaongeza kwamba asilimia 22 ya waliopewa CBT walipona, na waliofanya mazoezi vilevile.

Sasa sikiza hii. Nguvu za mwili zilipimwa kwa dodoso la alama 0 hadi 100. Ili ukubaliwe kuingia kama mgonjwa, ulihitaji alama 65 au chini. Mpango wa mwanzo ulisema aliyepona ni wa 85 kwenda juu. Baadaye wakashusha hadi 60. Yaani unaingia na 65, unazidi kuumwa hadi 60, na kwenye kipimo hicho umehesabiwa uko sawa. Kulikuwa na vipimo vingine pia, lakini hicho kilikuwa kimojawapo. Mimi niliacha chuo na hesabu sikuwa najua, lakini hiyo hata mama mboga angeikataa.

Na jambo lingine: alama hizo mgonjwa alijijazia mwenyewe. Umekaa na mtaalamu miezi kadhaa akikufundisha usiuone uchovu kama ugonjwa, kisha unaulizwa, unajisikiaje? Utajibu nini?

Aliyefungua hili sanduku ni mgonjwa. Alem Matthees, Mwaustralia, aliomba data mwaka wa 2014 kwa sheria ya uhuru wa habari. Chuo Kikuu cha Queen Mary kilikataa, kikalipa mawakili, na 2016 baraza la rufaa likaamuru data itolewe. Ilipohesabiwa upya kwa mpango wa mwanzo, waliopona kwa CBT walikuwa kama asilimia 7, na waliopata huduma ya kawaida ya daktari asilimia 3. Tofauti ndogo hivyo inaweza kuwa bahati tu. Watafiti wa PACE bado wanatetea kazi yao, ni haki yao.

Lakini mnajua kilichokuwa kikiendelea muda huo wote? NICE, shirika linaloandika miongozo ya matibabu kule, lilikuwa limependekeza tiba hizo mbili tangu 2007. Wagonjwa wakawa wanasema mazoezi yanawaumiza, kwa sababu alama kubwa ya ugonjwa huu ni kwamba ukijikaza leo unaanguka baadaye, na wanaambiwa hayo ndiyo mawazo tunayotaka kuyarekebisha.

Oktoba 2021 NICE ikaandika upya. Mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba yakaondolewa. CBT ikabaki ya kumsaidia mtu kuishi na ugonjwa, si ya kuuponya, na mtaalamu akaambiwa asidhani kwamba imani za mgonjwa ndizo chanzo.

Beshte yangu nilimtumia hizi zote usiku mmoja, pamoja na msamaha. Alijibu siku tatu baadaye. Alikuwa amefua nguo, kwa hivyo alikuwa amelala.